Faiba au Redio? Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Mtandao kati ya Majengo Mawili

Kazi yenyewe inaonekana ndogo: jengo moja lina intaneti, jengo la pili halina, na mwenye majengo anataka yote mawili yawe kwenye mtandao mmoja. Inaweza kuwa ofisi na ghala, shule na mabweni yake, au hospitali ya wilaya na maabara iliyojengwa ng'ambo ya barabara. Watu wengi huanza kwa kununua vifaa, kisha hutafuta namna ya kuvilazimisha vifanye kazi mahali visipofaa. Redio (kifaa cha kurusha data hewani kutoka paa hadi paa) inafungwa na kukatika kila mvua inaponyesha, au faiba (kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga) inafukiwa na taa ya swichi haiwaki kabisa.

Mwongozo huu unahusu umbali wa kuanzia mita 100 hadi kilomita 5 hivi. Unaanza na kupima njia, unafuata na hesabu, na ununuzi unakuja baadaye, kwa sababu kinachoamua kati ya faiba na redio ni ardhi iliyopo kati ya majengo hayo mawili, na kasi iliyoandikwa kwenye boksi la kifaa haina usemi mkubwa katika uamuzi huo.

## Vifaa vinavyohitajika

Kwa njia zote mbili:

- Ramani ya setilaiti yenye kipimo cha umbali, kama Google Earth, na simu yenye dira.
- Swichi ya mtandao (kifaa cha kugawa mtandao kwa kebo) moja kila jengo, na kifaa cha kuhifadhi umeme ili mtandao usizimike kila umeme unapokatika.
- Kompyuta mbili zenye tundu la kebo ya mtandao na programu ya iperf3 kwa ajili ya vipimo.

Kwa faiba:

- Kebo ya faiba ya modi moja, ya aina ya G.652.D au G.657.A, yenye angalau nyuzi nne.
- Moduli mbili za SFP (vipachiko vya swichi vinavyogeuza umeme kuwa mwanga na mwanga kuwa umeme) za kilomita 10, na swichi zenye tundu la SFP.
- Boksi la kumalizia nyuzi kila upande, vipande vya nyuzi vyenye konekta upande mmoja, na kebo fupi za kufika kwenye swichi.
- Bomba la plastiki ngumu (HDPE) na utepe wa onyo kama kebo inafukiwa. Nguzo na vishikizo kama inaning'inizwa.
- Kalamu ya kusafishia konekta, tochi ya leza nyekundu, na kipimamwanga.
- Mashine ya kuunga nyuzi kwa joto. Hii usiinunue, mkodi fundi mwenye nayo.

Kwa redio:

- Redio mbili za nje za masafa ya GHz 5, zenye dishi la takriban dBi 23 (kipimo cha uwezo wa dishi kukusanya mawimbi upande mmoja).
- Mabomba ya chuma ya kusimamishia madishi, na vishikizo imara.
- Kebo ya mtandao ya nje, nyeusi, yenye ngao ya chuma ndani.
- Kinga mbili za radi kila upande, waya wa athi (wa kupeleka umeme ardhini) na fimbo ya shaba ya kupigilia ardhini.
- Mkanda wa usalama wa kupandia juu. Huu si wa hiari.

## Hatua ya 1: Pima njia kwa miguu

Pima umbali kwenye ramani kwanza, kisha utembee njia yote ukiandika kila kilichopo katikati: ukuta, mfereji, barabara, shamba la jirani, nyaya za umeme, miti na urefu wake. Ramani haitakuonyesha kwamba jirani ameanza msingi wa ghorofa, wala kwamba mvule ule mmoja umesimama katikati kabisa ya mstari.

Panda juu ya paa la kila jengo uangalie jengo la pili. Kama hulioni kwa macho au kwa darubini, andika hivyo. Piga picha kutoka pande zote mbili, kwa sababu utazihitaji kwenye hesabu.

Umefaulu ikiwa una umbali kwa mita, orodha ya wamiliki wa kila kipande cha ardhi kilichoko katikati, na jibu la ndiyo au hapana kuhusu kuonana kwa mapaa.

## Hatua ya 2: Amua chombo cha kusafirishia data

Kwanza ondoa wazo la kuvuta kebo ya shaba. Kebo ya kawaida ya mtandao ina kikomo cha mita 100, na hata ndani ya umbali huo haifai kuunganisha majengo mawili yenye mifumo tofauti ya umeme. Radi ikipiga karibu, majengo hayo hupata volti tofauti ardhini, na kebo ya shaba inakuwa njia ya kusawazisha tofauti hiyo kupitia swichi zako.

Chagua faiba ikiwa ardhi yote ni yako na umbali hauzidi mita 500 hivi. Hapa sioni sababu ya kubishana. Gharama kubwa iko kwenye kuchimba na si kwenye kebo. Ukishachimba mara moja, kebo hiyo hiyo itabeba gigabiti 1 leo na gigabiti 10 baadaye kwa kubadilisha moduli tu. Faiba haijali miti, haiingiliwi na mawimbi ya jirani, na ile isiyo na chuma ndani yake haipitishi radi. Hoja hiyo ya mwisho ina uzito mkubwa kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambako radi ni za mara kwa mara.

Chagua redio ikiwa katikati kuna barabara ya umma, mto, mkono wa bahari au viwanja vya watu, na mapaa yanaonana. Kukata barabara kunahitaji kibali cha mwenye barabara: Tanzania ni TANROADS au TARURA kulingana na daraja la barabara, Kenya ni KeNHA, KURA au KeRRA. Kutundika kebo kwenye nguzo za shirika la umeme bila idhini ni kosa, na mafundi wa shirika wakiikuta wanaweza kuikata siku yoyote. Redio inafaa pia kwa jengo la kupanga, kwa kuwa unaweza kuifungua na kuhama nayo.

Faiba ndiyo njia pekee, pamoja na usumbufu wake wote wa vibali, ikiwa mapaa hayaonani na hakuna mahali pa tatu pa kuweka redio ya kupokezana.

Kuhusu kasi, hesabu unachohitaji kwa kweli. Kamera 16 za ulinzi zinazotuma megabiti 4 kwa sekunde kila moja zinahitaji megabiti 64, na redio ya kawaida inazimudu bila taabu. Lakini ukitaka kunakili faili za seva nzima kila usiku, au kuendesha mifumo ya ofisi 50 kutoka jengo la pili, redio itakuwa shingo ya chupa.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi. Mwanga ndani ya kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, ilhali mawimbi ya redio hewani hukaribia 300,000. Ndiyo maana wafanyabiashara wa masoko ya hisa kati ya Chicago na eneo la New York hutumia minara ya redio kwa miamala yenye haraka. Kwa umbali wako wa kilomita 2 tofauti hiyo ni mikrosekunde chache. Muda ambao redio hupoteza ikisubiri zamu yake ya kutuma ni mkubwa zaidi ya hapo mara nyingi, kwa hiyo faiba bado itajibu upesi zaidi.

## Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kutoa fedha

Nguvu ya mwanga na ya mawimbi hupimwa kwa dBm, ambapo sifuri ni miliwati 1, na kila dB 3 zinazopungua zinaacha nusu ya nguvu iliyokuwapo. Hesabu yenyewe ni kujumlisha na kutoa.

Faiba. Chukua kebo ya mita 800. Kioo hupoteza kama dB 0.4 kwa kilomita kwenye mwanga wa nanomita 1310, yaani dB 0.32. Ongeza maungio mawili ya joto ya dB 0.1 kila moja, na konekta mbili za dB 0.5 kila moja. Jumla ni takriban dB 1.5. Moduli ya kawaida ya kilomita 10 hutuma angalau dBm −9.5, kwa hiyo upande wa pili utapokea dBm −11 hivi, na moduli hiyo husikia hadi dBm −19. Una akiba ya dB 8, nayo inatosha kabisa.

Onyo: usinunue moduli ya kilomita 80 kwa kudhani kuwa kubwa ni bora. Mwanga wake ni mkali mno kwa umbali mfupi, na unaweza kuharibu kipokezi cha upande wa pili.

Redio. Upotevu hewani, kwa dB, ni 92.45 kujumlisha 20 mara logi ya masafa kwa GHz, kujumlisha 20 mara logi ya umbali kwa kilomita. Kwa kilomita 2 na GHz 5.8, jibu ni dB 113.7. Redio ikituma dBm 13 kupitia dishi la dBi 23, na upande wa pili ukawa na dishi kama hilo, utapokea 13 + 23 − 113.7 + 23, yaani karibu dBm −55. Andika namba hii kwenye karatasi na uitunze. Ndiyo itakayokuambia juu ya paa kama umelenga sawasawa au umedanganywa.

Hesabu ya pili ya redio ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo chanzo cha malalamiko mengi kuliko yote. Mawimbi hayasafiri kama mstari mwembamba. Yanahitaji nafasi yenye umbo la yai refu kati ya antena mbili, iitwayo ukanda wa Fresnel. Katikati ya njia, angalau asilimia 60 ya nusu kipenyo cha ukanda huo lazima iwe wazi. Kwa GHz 5.8, nafasi tupu inayotakiwa chini ya mstari wa macho, na vilevile pembeni yake, ni hii:

- mita 500: mita 1.5
- kilomita 1: mita 2.2
- kilomita 2: mita 3.1
- kilomita 5: mita 4.8

Kwa hiyo kuliona dishi la upande wa pili juu kidogo ya kilele cha mwembe hakutoshi. Redio itashika kiangazi na kuyumba masika. Mwenyewe atalaumu mvua, ingawa matone ya mvua kwa GHz 5 na umbali wa kilomita 2 karibu hayana athari. Tatizo ni majani yaliyolowa na matawi yaliyorefuka. Ongeza urefu wa mlingoti kwa kuzingatia miaka mitatu ya ukuaji wa mti huo, au zungumza na mwenye mti.

Redio za GHz 60 ni habari nyingine. Hizo zina kasi kubwa, lakini hewa yenyewe hunyonya takriban dB 15 kwa kila kilomita, na mvua kubwa huongeza upotevu mwingine mkubwa juu yake. Zitumie kwa mita mia chache tu, na uwe na redio ya GHz 5 ya akiba.

Kwa wakazi wa pwani wanaovusha mawimbi juu ya maji, kama kwenye mkono wa bahari wa Mombasa au kuelekea Kigamboni, maji huakisi mawimbi kama kioo, na kimo cha kioo hicho hubadilika kwa mita kadhaa kati ya maji kupwa na maji kujaa. Mtandao unaodhoofika saa tofauti kila siku kwa kufuata kupwa na kujaa kwa maji hauna kifaa kibovu. Punguza au ongeza urefu wa antena moja, au uiweke nyuma kidogo ya ukingo wa paa ili paa lizuie miale inayotoka majini.

Umefaulu ikiwa una namba moja iliyoandikwa: kiwango unachotarajia kupokea upande wa pili.

# Njia ya faiba

## Hatua ya 4: Chagua na upitishe kebo

Nunua nyuzi nyingi kuliko unavyohitaji. Kiungo kimoja kinatumia nyuzi mbili, lakini tofauti ya bei kati ya kebo ya nyuzi mbili na ya nne au nane ni ndogo ukilinganisha na kuchimba upya siku uzi mmoja ukivunjika.

Ukifukia, tumia bomba la HDPE kwa kina cha angalau sentimita 60, na sentimita 90 au zaidi panapopita magari. Weka utepe wa onyo sentimita 30 juu ya bomba, ili jembe la mchimbaji wa kesho likutane na utepe kwanza. Ukining'iniza, tumia kebo iliyotengenezwa kujibeba yenyewe. Panapokuwa na wezi wa shaba, andika kwenye kebo na kwenye nguzo kwamba ndani ni kioo tupu. Huikata wakitafuta wasichokipata.

Vuta kwa kushika uzi wa nguvu ulio ndani ya kebo, usishike ganda lake. Wakati wa kuvuta, kona isiwe kali kuliko nusu kipenyo cha mara 20 ya unene wa kebo, na ikishatulia isipungue mara 10. Kebo ya milimita 12 kwa hiyo inahitaji kona ya sentimita 24 inapovutwa na 12 inapolala. Kona kali haivunji uzi palepale. Inauacha na ufa mdogo unaokuja kujitokeza baada ya miezi.

Acha mita 10 za ziada, zikiwa zimeviringishwa, kila upande. Kama kebo ina koti la chuma, likate na kulifunga kwenye athi mahali inapoingia jengo, la sivyo umejenga njia ya radi kwa mikono yako.

Umefaulu ikiwa tochi ya leza nyekundu inayomulikwa upande mmoja inaonekana kwenye karatasi nyeupe upande wa pili, katika kila uzi.

## Hatua ya 5: Unga nyuzi

Kiini cha uzi unamopita mwanga kina kipenyo cha mikromita 9 tu, kwa hiyo chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kukiziba. Fanya kazi hii ndani ya chumba, feni ikiwa imezimwa, juu ya meza iliyofutwa.

Fundi atamenya uzi, ataufuta kwa alkoholi, ataukata kwa kisu maalumu na kuuingiza kwenye mashine. Mashine itakadiria upotevu. Chini ya dB 0.05 ni kazi nzuri; zaidi ya 0.1 mwambie akate na kuunga tena, hata akikuambia kuwa inatosha. Kaa naye hadi mwisho, na uandike namba ya kila uzi.

Maonyo mawili ya mwili. Vipande vya uzi vilivyokatwa ni miiba ya kioo isiyoonekana: vikusanye kwenye chupa yenye kifuniko, na asile mtu mezani hapo. Pili, usichungulie kamwe ndani ya konekta. Mwanga wa moduli hauonekani kwa jicho, na jicho halitafumba kujikinga nao.

## Hatua ya 6: Linganisha konekta na moduli

Hapa ndipo taa ya swichi hukataa kuwaka kwa watu wengi. Kagua mambo matatu kwa mpangilio huu.

Rangi kwanza. Konekta ya bluu ina uso ulionyooka na ya kijani ina uso uliokatwa kwa mshazari wa digrii 8. Zikikutanishwa zinaacha pengo na mwanga unapotea. Faiba za majumbani zinazoletwa na kampuni za intaneti kwa kawaida hutumia kijani, kwa hiyo dukani utauziwa kijani usipotaja. Moduli za SFP zinahitaji bluu.

Kisha mwelekeo. Katika moduli ya nyuzi mbili, tundu la kutuma la upande huu lazima lifike tundu la kupokea la upande ule. Taa ikikataa, badilishana nyuzi mbili upande mmoja tu. Ukibadilisha pande zote mbili umerudi ulikoanzia.

Mwisho, jozi. Moduli zinazotumia uzi mmoja huuzwa kwa jozi: moja inatuma nanomita 1310 na kupokea 1550 au 1490, na nyingine kinyume chake. Mbili zinazofanana hazitasikilizana milele.

Safisha kila konekta kabla ya kuichomeka, hata ikiwa mpya kutoka kwenye mfuko, na uziache kofia za vumbi mpaka dakika ya mwisho.

Umefaulu ikiwa kipimamwanga, au usomaji wa moduli kwenye swichi, unaonyesha kiwango kisichopungua sana kile cha hesabu yako. Ukitarajia −11 na ukapata −17, mtandao utawaka lakini kuna uchafu au kona kali mahali fulani. Tafuta sasa, kabla fundi hajaondoka na mashine yake.

# Njia ya redio

## Hatua ya 7: Panga redio zote mbili mezani

Usipande na redio ambayo bado iko kwenye boksi. Ziweke mezani, zisitazamane, punguza nguvu ya kutuma, kisha upange: programu mpya ya ndani, nywila mpya, anwani tofauti za IP, moja ikiwa kituo na nyingine ikiwa mteja, zote zikiwa katika hali ya daraja (kupitisha data moja kwa moja kama kebo), na usimbaji wa WPA2 au zaidi. Chagua nchi uliyopo kwa usahihi, kwa sababu ndiyo inayoweka masafa na nguvu zinazoruhusiwa. Vifaa viwe vimeidhinishwa na mamlaka ya nchi, yaani TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Angalia umeme unaopitia kebo ya data. Redio nyingine hutumia volti 24, nyingine 48. Kuchanganya adapta ni njia ya haraka ya kuunguza redio mpya.

Umefaulu ikiwa kompyuta mbili zinawasiliana kupitia redio hizo hapo hapo mezani.

## Hatua ya 8: Simamisha na ufunge

Bomba la kusimamishia lisipinde wala lisizunguke kwa upepo. Lifunge kwa vishikizo viwili vilivyoachana, kwa kuwa kimoja hugeuka kama bawaba. Kaa mbali na nyaya za umeme kwa umbali unaozidi urefu wa bomba lenyewe, ili likianguka lisizifikie.

Kebo ya kijivu ya ndani ya nyumba huchanika kwa jua. Tumia nyeusi ya nje, na kabla haijaingia ukutani iache ining'inie kidogo chini ili maji yadondoke hapo badala ya kufuata kebo hadi kwenye swichi. Kinga moja ya radi ikae karibu na redio na ya pili mahali kebo inapoingia jengo, zote zikiunganishwa na fimbo iliyopigiliwa ardhini. Kinga isiyo na athi ni pambo.

Pwani, paka grisi kwenye nati na utumie chuma kisichoshika kutu. Chumvi haina subira.

## Hatua ya 9: Lenga

Watu wawili wanatakiwa, mmoja kila paa, wenye simu. Mmoja anasogeza, mwingine anatulia kabisa. Dishi la dBi 23 lina mwale wa takriban digrii 10, kwa hiyo dira ya simu inatosha kuanzia tu.

Zungusha taratibu kutoka kushoto hadi kulia, upite kabisa mahali unapodhani ndipo. Utaona mawimbi yakipanda, yakishuka, yakipanda zaidi, kisha yakishuka na kupanda tena kidogo. Vilima vidogo vya pembeni ni miale ya pembeni ya dishi, na wengi hukaza bolti hapo kwa furaha ya kupata mtandao. Rudi kwenye kilima kikubwa cha kati. Kisha fanya vivyo hivyo juu na chini, halafu mpe mwenzako zamu.

Sasa toa karatasi yako. Hesabu ilisema −55. Ukisoma −57, kaza bolti. Ukisoma −72, umeshika mwale wa pembeni au kuna kitu ndani ya ukanda wa Fresnel, na hakuna mpangilio wa programu utakaokuokoa. Angalia pia kwamba njia mbili za antena, ya wima na ya mlalo, hazitofautiani kwa zaidi ya dB 5. Soma tena baada ya kukaza, maana kukaza hugeuza dishi.

## Hatua ya 10: Chagua chaneli

Tumia chombo cha kuchunguza masafa kilichomo ndani ya redio, kutoka pande zote mbili, kwa sababu kelele za mjini hazilingani paa kwa paa. Anza na upana wa MHz 20 au 40. Chaneli pana huahidi kasi, lakini kila unapoongeza upana mara mbili unapokea kelele maradufu pia. Katika Kariakoo au Nairobi mjini, 20 tulivu hushinda 80 yenye vurugu.

Masafa ya MHz 5250 hadi 5350 na 5470 hadi 5725 kwa kawaida huhitaji redio kusikiliza rada kwanza. Ikihisi rada inahama chaneli, nawe utaona mtandao ukikatika kwa dakika moja au zaidi. Ukiwa karibu na uwanja wa ndege, kumbuka hilo kabla ya kubadilisha vifaa.

# Kupima na kulinda kiungo

## Hatua ya 11: Pima kwa kebo

Chomeka kompyuta moja kwenye swichi ya kila jengo kwa kebo. Anayepima kwa simu kupitia Wi-Fi anapima Wi-Fi ya chumba chake. Endesha iperf3 kwa nusu saa kila mwelekeo, kisha acha ping (jaribio la kutuma ujumbe mdogo na kupima muda wa jibu) ikimbie usiku kucha.

Faiba ya gigabiti 1 inatakiwa itoe karibu megabiti 940 kila upande kwa wakati mmoja, ping chini ya milisekunde 1, na pakiti (vifurushi vidogo vya data) zisipotee. Redio inayojitangaza kwa megabiti 400 itatoa karibu nusu yake, tena ikigawana kati ya kwenda na kurudi, na ping ya milisekunde chache. Hiyo ndiyo tabia yake, usiitafutie dawa. Pima redio tena saa za jioni, wakati majirani wote wako hewani.

Siku mtandao ukilegea, endesha kwanza ping kati ya majengo mawili kabla ya kupanda paa. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ilidorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki huku viungo vya ndani vya watu vikiwa vizima kabisa.

## Hatua ya 12: Weka redio kuwa akiba ya faiba

Mwenye faiba muhimu, hasa inayopita panapochimbwachimbwa, afunge pia jozi ya redio ya bei nafuu. Ila usizichomeke zote mbili kwenye swichi hivi hivi: pakiti zitazunguka kutoka faiba kwenda redio na kurudi bila mwisho, na majengo yote mawili yatazimika ndani ya sekunde.

Kabla ya kuchomeka, washa itifaki ya RSTP (inayozuia mzunguko huo kwa kufunga njia moja) kwenye swichi zote mbili na uyape matundu ya redio gharama kubwa kuliko ya faiba, ili redio isubiri. Hakikisha pia kwamba redio zenyewe zinapitisha ujumbe wa itifaki hiyo. Kisha chomoa faiba makusudi huku ping ikiendelea. Mawasiliano yanatakiwa kurudi kupitia redio baada ya sekunde chache. Yakichukua sekunde 30 hadi 50, swichi mojawapo imebaki kwenye STP ya zamani, irekebishe kisha uchomoe tena.